Simu Iliyopigwa Kitandani

Unga wa chuma ulikuwa upande wa ndani.

Inspekta alipiga magoti kwenye sakafu ya nyumba ya pampu, akaweka kiganja chini, akakiinua na kukitazama kwenye mwanga wa mlangoni. Kilimetameta kama kimepakwa chumvi. Akatoka nje, akapangusa kizingiti kwa kiganja cha pili. Hicho kilitoka na vumbi jekundu, basi.

"Koplo," aliita. "Njoo unisome mikono."

Koplo alikuwa amekaa kwenye jiwe, kavua kiatu kimoja, anakung'uta changarawe. Alikuwa mtu mnene mwenye moyo mzuri, na kile kilima kilikuwa kimemtoa jasho la wiki nzima. Akaja akichechemea.

"Huu ni wa kulia, huu ni wa kushoto, Afande."

"Acha mzaha. Huu wa kulia ni wa ndani. Huu wa kushoto ni wa nje. Kufuli lilikatwa kwa msumeno wa chuma, na msumeno ukikata lazima umwage unga. Umemwagika wapi?"

Koplo akatazama kiganja kimoja, akatazama cha pili. Akavaa kiatu kwanza, kwa maana alikuwa hawezi kufikiri akiwa na mguu mmoja peku.

"Ndani. Kwa hiyo mlango ulifunguliwa kwanza, halafu kufuli likakatwa."

"Na nani anaweza kufungua mlango kabla ya kukata kufuli?"

"Mwenye ufunguo."

"Haya. Sasa umepumzika."

Kituoni walimwita Inspekta "Shangazi", kwa sababu alihoji watu kama shangazi aliyeletewa mchumba wa binti wa kaka yake: taratibu, kwa tabasamu, na bila kuacha kitu. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye viatu vya kamba na mkoba wa ngozi uliochakaa. Hakuwahi kupaza sauti kazini, na hakuwahi kupata sababu ya kuipaza.

Pampu ya kijiji iliibwa kutoka nyumba ile. Ndiyo iliyosukuma maji kutoka kisima cha kilimani hadi mabomba ya bondeni, na tangu iondoke, wanawake wa bondeni walikuwa wakirudi mtoni na ndoo kichwani kama zamani. Funguo za nyumba ile zilikuwa mbili. Mmoja alikuwa nao mwenyekiti wa kamati ya maji, aliyehamia mjini, na ambaye usiku wa wizi alikuwa kwenye kikao pamoja na mkuu wa kituo mwenyewe. Wa pili alikuwa nao mtunza pampu, ambaye watu walimwita Bwana Funguo, maana alitembea na shada la funguo kiunoni na ulimsikia kabla hujamwona. Lakini Bwana Funguo usiku ule alikuwa na homa, amelala tangu mchana. Mkewe alisema hivyo hivyo.

Na mahabusu ya kituo ilikuwa tayari na mtu.

Huyo alikuwa kijana mchomelea vyuma aliyeitwa Cheche. Alikamatwa kwa sababu ya simu. Bondeni kule simu ilikuwa kioo cha kujitazamia tu, haikushika mtandao hata kwa dawa. Aliyetaka kuongea na mtu alipanda kilimani, akasimama kando ya nyumba ya pampu, akapiga. Sasa kampuni ya simu ilionyesha kwamba usiku wa wizi, wakati majirani waliposikia toroli likipita njiani, Cheche alikuwa akizungumza na mkewe kwa muda mrefu, kupitia mnara unaoonekana kutoka kilimani. Kwa hiyo, alisema mkuu wa kituo, Cheche alikuwa kilimani. Alipoulizwa, Cheche akaapa kwamba alikuwa chumbani kwake, kitandani. Polisi wakaenda na simu hadi kile chumba. Hakuna mtandao.

"Hata kama Bwana Funguo alitoa ufunguo," Koplo alisema wakishuka, akishika vichaka asiteleze, "mkuu atasema walishirikiana. Simu ya Cheche bado iko kilimani."

"Ndiyo maana tunashuka."

"Kesho asubuhi gari linampeleka mahakamani, Afande. Mali ya umma, hakuna dhamana. Na mkewe yuko kwa mama yake mjini, tumbo liko hapa." Koplo alionyesha mbele ya tumbo lake mwenyewe, na hakuhitaji kuonyesha mbali.

"Koplo, ungekuwa wewe ndiye umeiba pampu, tukakuuliza ulipiga simu wapi, ungesemaje?"

"Ningesema nilipanda kilimani kupiga simu, nikarudi zangu. Kila mtu anapanda kupiga."

"Uongo rahisi kabisa, tena unaaminika. Uko tu hapo chini, unangoja kuokotwa. Kwa nini huyu kijana auruke, aende kuchukua uongo ambao bonde zima litamcheka?"

Koplo akasimama. "Labda ni mjinga."

"Labda. Au labda alikuwa kitandani."

*

Nyumba aliyokaa Cheche ilikuwa ya udongo, imepakwa chokaa, paa moja la bati juu ya kaya mbili. Upande mmoja kijana na mkewe. Upande wa pili bibi mjane ambaye majirani walimwita Mama Pazia, kwa sababu dirisha lake lilikuwa na pazia asubuhi, pazia mchana, pazia jioni.

Inspekta aliingia chumbani kwa Cheche, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akatulia. Nguo za mtoto ambaye hajazaliwa zilikuwa zimekunjwa juu ya sanduku. Kinyago cha kuchomelea kilining'inia msumarini. Mto haukuwa upande wa dirisha, panapopita hewa. Ulikuwa umesukumwa hadi kwenye kona, pale ukuta wa nyuma unapokutana na ule unaopakana na Mama Pazia. Na juu ya mto, kwenye chokaa nyeupe, kulikuwa na alama ya mafuta ya nywele, ya mviringo, inayong'aa.

Inspekta aliegemeza kichwa chake pale. Kikakaa barabara.

"Joto lote hili, na kijana amejibana kwenye kona," alisema. "Angelala, kichwa kingekuwa chini. Hapa ni pa kuketi. Ameketi hapa siku nyingi, kichwa ukutani. Anafanya nini?"

"Anawaza?"

"Mtu anayewaza hachagui kona, Koplo." Akatoa simu yake, akaishika sikioni pale pale. Kimya. Akatazama kioo: hakuna hata nukta.

"Si unaona," Koplo alisema kwa huzuni.

Inspekta alitoka nje, akarudi nyuma kwa kinyumenyume hadi kwenye banda la kuku, akainua uso.

Nyumba tatu nne za jirani zilikuwa na antena za televisheni, zile zenye mbavu kama mfupa wa samaki, na zote zilitazama upande mmoja, kwenye mwanya wa milima kunakotoka matangazo. Juu ya paa la Mama Pazia nako kulikuwa na mti mrefu. Kanga kuukuu ilikuwa imetundikwa juu yake kana kwamba imeanikwa, ingawa hakuna bibi wa umri ule apandaye paa kuanika kanga. Chini ya pindo la kanga zilichungulia mbavu. Zilielekea kilimani, upande uliko mnara.

"Fundi wake alikuwa amelewa," Koplo alisema. "Huko hawezi kupata hata taarifa ya habari."

"Twende tukamuulize kama anapenda taarifa ya habari."

*

Mama Pazia aliwakaribisha vizuri. Alikuwa bibi mwembamba, miguu imefungwa vitambaa magotini, na chumba chake kilikuwa safi hadi ukaogopa kukanyaga. Aliwapa viti, yeye akakaa kitandani.

"Magoti, mwanangu," alimwambia Inspekta. "Hiki kilima nakiona kwa macho tu. Tangu mwaka juzi sijakipanda."

"Pole, mama. Na watoto hawajambo?"

"Binti yangu ndiye huyo, kaolewa mbali. Hawajambo, isipokuwa mafua. Huko kwao mvua inanyesha tangu alfajiri, kumefurika hadi watoto hawakwenda shule leo."

"Leo?"

"Leo hii."

Inspekta alitikisa kichwa kwa kuwahurumia wale watoto. Akatazama ukutani, akatazama mezani, akatazama juu ya kabati.

"Hupendi televisheni, mama?"

"Mimi na televisheni wapi na wapi? Macho yenyewe haya."

"Basi ile antena iliyovaa kanga ni ya nini? Na mvua ya leo amekuletea nani, na mtandao hakuna?"

Koplo alikohoa. Bibi alinyoosha shuka iliyokuwa imeshanyooka. Kisha, taratibu, akainuka, akaliendea kabati la nguo, akalifungua.

Kati ya blanketi na vitambaa vya meza kulikuwa na kisanduku cha chuma, ukubwa wa tofali. Waya mmoja ulipanda kwenda paani. Mwingine ulipita nyuma ya kabati hadi kwenye kibao cheupe kilichopigiliwa ukutani. Ukuta wenyewe ulikuwa ule wa Cheche.

"Mkwe wangu alikileta," alisema Mama Pazia. "Ile ya juu inavuta mtandao wa mnarani, kisanduku kinaukuza, kibao kinaumwaga humu ndani. Nakiwasha jioni mwanangu akipiga, na siku zake za mapumziko. Betri ni ndogo."

"Mbona ulikificha?"

"Mwanangu, wewe hukuniona nilipoletewa friji! Bonde zima lilikuja na chupa zake. Huyu maji yake, yule dawa ya ng'ombe wake. Mlango haukufungwa. Mume wangu alikuwa anaumwa, anataka kulala, na watu wanabisha hodi wanauliza kama maji yameshapoa. Ilipokufa ile friji nililala siku mbili. Nikasema, kitu kingine kama hiki kikiingia humu, hata paka hataambiwa." Akashusha sauti. "Halafu mkwe wangu alisema hivi vinataka kibali, akija atakishughulikia. Hajaja. Siku polisi walipokuja nilidhani wamekifuata. Nikakizima. Wakaniuliza kama kuna mtandao, nikasema hakuna."

"Na jirani yako, mama? Hukujua tumemshikia nini?"

"Si ile mashine yake ya kukatia vyuma? Ndivyo watu wanavyosema."

"Tumemshikia simu. Alisema aliipiga kitandani kwake, nasi tukamwita mwongo, kwa sababu kwake hakuna mtandao. Kesho anapelekwa mahakamani."

Bibi aliutazama ukuta. Mkono ukapanda mdomoni.

"Kitanda chake kiko hapo," alisema. "Hapo hapo. Nilikuwa namsikia anacheka na mkewe, nikadhani redio."

"Usiku ule ulikiwasha?"

"Nilikiwasha. Mjukuu alikuwa na homa, sikukizima hadi asubuhi."

"Kiwashe sasa. Koplo, nenda upande wa pili, weka kichwa chako kwenye ile alama."

Bibi akabonyeza. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Kwa kitambo hakukuwa na kitu ila kuku nje. Kisha ukuta ukanguruma kwa sauti ya Koplo.

"Afande! Moja! Mbili! Zimefika tatu!" Simu yake ikaanza kulia mfululizo, ujumbe juu ya ujumbe. "Mke wangu anasema nisisahau sabuni! Hii ya juzi, Afande!"

Mama Pazia hakucheka. Alikuwa ameshavuta kiti karibu na meza.

"Leta karatasi, mwanangu. Uandike maneno makubwa makubwa niyasome mwenyewe kabla sijatia sahihi. Na hicho kibali, kama ni kosa, niandikie na hilo."

"Kibali tutakitafuta pamoja, mama. Leo nataka usikizime tu."

*

Kabla ya kuondoka Inspekta alifanya jambo ambalo Koplo aliliona la ajabu. Alishika simu mbele ya kifua kama anayebeba taa ya chemli, akatembea kutoka mlangoni kwa bibi, macho kwenye kioo. Bandani kwa kuku mtandao ulibaki alama moja. Njiani ukafa kabisa. Akazunguka nyumba, akajaribu kila upande. Kisanduku kile kilitosha nyumba ile na ua wake, basi.

"Lakini tumemaliza," Koplo alisema. "Cheche alikuwa kitandani. Turudi tumtoe."

"Mkuu atauliza pampu iko wapi, na karatasi ya bibi mmoja ataiweka chini ya kikombe cha chai. Nikumbushe. Mwenyekiti alijuaje kwamba Bwana Funguo anaumwa?"

"Bwana Funguo alimpigia jioni ile. Akamwambia kesho pampu haitawashwa, ana homa, hawezi hata kuinuka."

"Alimpigia. Akiwa wapi?"

"Si kitandani, tangu mch..." Koplo akabaki na mdomo wazi. "Lo!"

"Mwenyekiti anakaa mjini. Kwake simu inashika hata chooni. Mtu akimwambia niko kitandani naumwa, anampa pole. Nasi tulikuwa na shughuli ya kumcheka Cheche."

Habari ilishawatangulia, kama kawaida ya habari bondeni. Walipovuka kijito na kutazama nyuma, watu walikuwa wameshajipanga ukutani kwa Mama Pazia, mikono juu, kila mmoja na simu yake, wanapiga kelele: "Haloo! Haloo, unanisikia?" Bibi alikuwa amesimama katikati yao na fimbo, anawapanga foleni.

Bwana Funguo alikuwa barazani kwake, ng'ambo ya kijito, nyuma ya kichuguu kikubwa cha udongo, anashona mpira wa maji. Alisimama, funguo zikalia.

"Karibuni! Afande, nasikia mmefanya kazi kubwa. Kumbe bibi anatuwekea mtandao kabatini!"

"Ndiyo hivyo. Homa imekuachia?"

"Nashukuru. Ilinilaza kweli kweli."

"Mwenyekiti alituambia. Alisema ulijikaza ukampigia simu."

"Kazi ni kazi, Afande."

"Ulimpigia ukiwa wapi?"

Sindano ikasimama. Inspekta alikuwa akimtazama kwa tabasamu lile lile la kuletewa mchumba. Bwana Funguo alitazama kilimani, akatazama ng'ambo, kule kelele za haloo zilikotoka. Uso ukakunjuka.

"Hapa hapa. Kitandani. Hata mimi nilikuwa nashangaa, mtandao unatoka wapi? Kumbe ni kile kisanduku. Kinarusha bonde zima!"

"Hukupanda kilimani?"

"Kwa homa ile? Nisingefika hata kijitoni."

"Na humo chumbani unaupata mara nyingi?"

"Kila jioni."

"Koplo, andika. Kitandani. Kila jioni." Akangoja kalamu isimame. "Sasa, ndugu yangu, nifanyie hisani. Ingia ulale kama ulivyolala, umpigie mwenyekiti. Mwambie umepona."

Waliingia wote. Mke wa Bwana Funguo alikuwa ametoka mtoni. Aliweka ndoo chini, akasimama mlangoni, ngata bado kichwani. Mumewe alilala, akabonyeza. Akatazama kioo. Akageukia ukutani, akabonyeza tena. Akaketi. Akapiga magoti. Mwishowe akasimama juu ya kitanda, mkono umegusa bati, funguo zinacheza kiunoni.

"Bibi amekizima," alisema.

Kutoka ng'ambo sauti zilivuka maji, wazi kabisa: "Haloo! Mama! Ndiyo mimi! Niko nyumbani!"

"Hawa wanaongea na nani?" Inspekta aliuliza.

Bwana Funguo aliushusha mkono kutoka kwenye bati.

"Nimekipima mwenyewe. Hakifiki hata njiani. Ulimpigia mwenyekiti ukiwa kilimani, mzima, na ufunguo mkononi, ili kesho yake asikutafute mtu. Kisha ukarudi na toroli. Kufuli ukalikata ukiwa ndani, mlango umefungwa nyuma yako, usionekane. Umemwacha kijana alale sakafuni kwa simu aliyoipiga kihalali, na yako ukaisahau."

"Mke wangu alishasema nililala hapa," Bwana Funguo alisema, bado yuko juu.

"Nilisema ulilala," mkewe alisema kutoka mlangoni. "Sikuulizwa ulirudi saa ngapi."

Aligeuka, akatoka. Wakamsikia akizunguka jiko, kisha mlio wa mabua makavu yanayotupwa huku na huku. Inspekta alimfuata. Chini ya rundo la mabua, ndani ya gunia lililopasuka, palionekana chuma cha buluu na kipande cha bomba.

Mwanamke alibaki amelishikilia fungu la mwisho la mabua.

"Uliniambia ni injini ya rafiki yako," alimwambia mumewe, aliyekuwa ameletwa na Koplo kwa mkono. "Asubuhi na jioni niko mtoni. Shingo hii haigeuki. Na pampu iko nyuma ya jiko langu?"

"Nilikuwa nimepata mnunuzi," alisema Bwana Funguo, kwa sauti ya mtu anayesema na miguu yake.

Inspekta alimfungua shada la funguo kiunoni, akalitia mkobani. Akamtia pingu mwenyewe, akamketisha karibu na ukuta.

"Koplo, vuka kijito, usimame kwa bibi, upige simu kituoni. Usipange foleni, mwambie nimekutuma. Sema walete gari la kubeba pampu na mtu mmoja. Na sema mlango wa Cheche ufunguliwe sasa hivi, nisimkute humo nikirudi. Karatasi nitaleta mwenyewe."

"Na mkuu akiuliza?"

"Mwambie simu yako inakatika."

Koplo akaondoka mbio, kwa mara ya kwanza siku ile. Inspekta alivuta gunia likafunika pampu vizuri, akaikalia, akanyoosha miguu yake yenye viatu vya kamba, akaanza kungoja gari.